Azania: Jina Lililoachwa na Wapita Bahari

Wanafunzi wakija makumbusho na tukafika mbele ya ramani ya kale ya pwani, hatupiti pale bila mmoja wao kuuliza Azania maana yake nini. Mara nyingi mwalimu wao huniwahi: "Nchi ya watu weusi." Wanafunzi huandika, tunasogea mbele. Nimeliacha jibu hilo lipite mara nyingi mno, na ndiyo sababu ya makala hii. Hiyo ni dhana moja kati ya kadhaa. Tena ukiishikilia peke yake unaukosa utamu wa habari yenyewe, yaani jinsi neno lililoandikwa na wageni waliokuwa wakipita na vyombo vyao lilivyokuja kuwa kanisa, shule, benki, jarida la wanaakiolojia na nchi ambayo watu walikuwa tayari kuifia.

Tuanze na maandishi. Katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika kwa Kigiriki alitunga mwongozo wa safari na biashara za Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi. Jina lake halikuhifadhiwa. Kitabu chake kinaitwa Periplus, na kina sura fupi 66. Nne kati ya hizo, ya 15 hadi ya 18, zinahusu pwani yetu moja kwa moja. Ukipita Opone, ambayo ni Hafun ya Somalia ya leo, anasema, unaingia pwani ya Azania. Kwanza magenge madogo na makubwa, kisha fukwe ndogo na kubwa, kisha vituo vya mwendo wa siku moja moja, hadi kisiwa cha Menouthias. Kutoka hapo ni siku mbili za tanga mpaka Rhapta, soko la mwisho la Azania.

Mimi hupenda kukawia Menouthias. Mwandishi anasema wenyeji wana vyombo vya mbao zilizoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, wanavua samaki na kukamata kasa, na badala ya nyavu wanatumia vikapu vilivyosukwa, wanavitega kwenye mikondo ya maji. Msomaji aliyekulia Pemba, Mafia au Lamu hahitaji kufasiriwa hapo, kwa kuwa madema anayaona ufukweni hadi leo. Vyombo vya kushona navyo ndivyo jadi iliyotupa mtepe, uliofungwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja na kusukumwa na tanga la mkeka. Rhapta yenyewe, anaeleza, imepata jina kutokana na vyombo hivyo, kwa kuwa kwa Kigiriki neno hilo linatokana na kushona. Kwa hiyo mji mkubwa kabisa wa pwani tunaoujua katika maandishi ya zama hizo tunaujua kwa jina la utani la mabaharia. Waliozaliwa na kuzikwa humo waliuitaje? Hakuna aliyewauliza, au aliyewauliza hakuandika.

Bidhaa amezitaja vizuri. Kutoka Azania ziliondoka pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Zilizoingia ni mikuki iliyotengenezwa hasa Muza, bandari ya Yemeni, pamoja na mashoka, majambia na vyombo vya kioo. Watu wa Muza walipeleka huko manahodha Waarabu waliozizoea bandari, wakaoana na wenyeji na kuijua lugha yao. Sentensi hiyo moja inatuonyesha pwani ambayo tayari ilikuwa na ndoa, lugha na ushirika wa kuvuka bahari, miaka mingi kabla ya Uislamu.

Lakini tusome kwa uangalifu. Nakala yetu kuu ya Periplus, iliyohifadhiwa Heidelberg, ilinakiliwa karne ya 10, karibu miaka 900 baada ya mwandishi, na mnakili alikosea mahali pengi. Pale watu wa Rhapta wanapoelezwa kuwa na miili mikubwa, kuna neno lililoharibika. Mfasiri mmoja akalirekebisha likasomeka maharamia, mwingine akalirekebisha likasomeka wakulima. Herufi mbili tatu tu, na mababu wa pwani wanahama kutoka unyang'anyi hadi jembe. Mimi nawaunga mkono wa jembe, kwa kuwa biashara inayoelezwa kwenye kurasa zile zile ilihitaji watu waliotulia mahali pao, wenye chakula na wakuu wao.

Sasa maana. Dhana ya kwanza inaliunganisha neno Azania na neno la Kigiriki la kukauka, yaani nchi kavu, na kweli ufuo wa Somalia anakoanzia ni mkavu. Ya pili inalipeleka kwenye neno la Kiarabu la mtu asiye Mwarabu, ajamu. Ya tatu, inayopendwa zaidi, inalihusisha na Zanji, jina ambalo waandishi wa Kiarabu na Kiajemi waliwaita watu weusi wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo "nchi ya watu weusi" inapotoka. Udhaifu wa dhana hii ni kwamba maandishi yanayotumia Zanji yamekuja baadaye mno. Mwanahistoria al-Masudi, aliyefika kisiwa cha Qanbalu mwanzoni mwa karne ya 10, ametuachia habari ndefu za Wazanji, lakini kati yake na mwandishi wa Periplus kuna karne tisa. Halafu kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulisahau. Ugiriki kwenyewe, katika jimbo la Arkadia, palikuwa na sehemu iliyoitwa Azania, na hadithi zao zilisema imeitwa kwa jina la Azan, mwana wa Arkas. Baharia anayezungumza Kigiriki akisikia jina la kigeni linalofanana na jina la kwao, ulimi wake huenda ule upande anaoujua. Wataalamu hawajakubaliana, na mwalimu anayewaambia wanafunzi hivyo anawafundisha jambo la kweli.

Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba hatuna maandishi yoyote ya wenyeji wa pwani wakijiita Waazania. Pliny, Mrumi aliyefariki mwaka 79, analitaja jina hilo. Ptolemy wa Aleksandria, kwenye karne ya pili, analiweka katika jiografia yake na kuiita Rhapta mji mkuu. Baada ya hapo linafifia, na Zanji linashika nafasi. Zanzibar, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, ni pwani ya Wazanji kwa Kiajemi. Azania ikabaki vitabuni. Kitabu cha Ptolemy kilipofasiriwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya 15 na ramani zake zikaanza kuchapwa, wasomi wa Ulaya wakalikuta jina hilo hai karatasini, ingawa ufukweni lilikuwa limeshakufa.

Ndiyo maana liliporudi lilirudi kwa mikono ya watu waliosoma Kigiriki na Kilatini shuleni. Dar es Salaam, barabara ya mbele ya bandari iliitwa Azania Front wakati wa Waingereza. Kanisa la Kilutheri lililojengwa hapo na Wajerumani, lenye mnara unaoonekana ukiwa kwenye kivuko cha Kigamboni, linaitwa Azania Front hadi leo. Upanga kuna Shule ya Sekondari Azania. Nairobi, mwaka 1966, taasisi ya Waingereza ya historia na akiolojia ya Afrika Mashariki ilianzisha jarida liitwalo Azania, ambalo bado linachapishwa. Wapo pia wanaoniambia kwamba Azania imejificha ndani ya Tanzania. Jina la nchi, lililotangazwa Oktoba 1964, lilitokana na Tanganyika na Zanzibar, na maelezo hayo yanatosha. Ila kama dhana ya Zanji ni sahihi, Zanzibar na Azania ni ndugu, na hapo wanaoniambia hivyo wana chembe ya haki kwa njia ya kuzunguka.

Maisha ya pili ya jina hili, na yenye uchungu zaidi, yako Afrika Kusini. Chama cha PAC (Pan Africanist Congress), kilichopigania ukombozi wa Waafrika dhidi ya utawala wa ubaguzi wa rangi, kilianzishwa Aprili 1959 chini ya Robert Sobukwe, kikapigwa marufuku mwaka 1960 baada ya mauaji ya Sharpeville, ambako polisi waliwapiga risasi waandamanaji. Uhamishoni, katika miaka ya 1960, kikaanza kuiita nchi yake Azania, na jeshi lake likaitwa Jeshi la Ukombozi la Watu wa Azania. Wafuasi wa fikra za Steve Biko, kiongozi wa vuguvugu la Mwamko wa Weusi, nao wakaunda chama cha AZAPO, yaani Jumuiya ya Watu wa Azania, mwaka 1978, miezi michache baada ya Biko kufia mikononi mwa polisi. PAC ilikuwa na ofisi Dar es Salaam na kambi Mgagao, Iringa. Kwa hiyo vijana kutoka Soweto na Langa waliimba Azania wakiwa kwenye ardhi iliyo karibu zaidi na Azania ya Wagiriki kuliko kwao wenyewe.

Wapinzani wao walilisema hilo waziwazi, kwamba jina hili halikuwahi kuwa la kusini. Kihistoria wana haki. Mwandishi wa Periplus anamaliza nchi yake Rhapta, na kutoka hapo anasema bahari haijapelelezwa. Rhapta iwe ilikuwa kwenye delta ya Rufiji, ambako jirani yake Profesa Felix Chami na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefukua shanga za Kirumi, au pengine popote pa pwani hii, Johannesburg iko mbali mno. Lakini Ghana ya mwaka 1957 ilichukua jina la dola iliyokuwa mamia ya kilomita kaskazini magharibi yake. Dahomey ikawa Benin mwaka 1975, na mji wa kale wa Benin uko Nigeria. Watu waliokuwa wakiambiwa kwamba nchi yao inaanza na meli za Wadachi mwaka 1652 walihitaji jina la Kiafrika lililo kongwe kuliko meli hizo, na lisilo la kabila moja. "Afrika Kusini" linakuambia upande wa dira tu. Siwezi kuwalaumu kwa kunyoosha mkono mbali.

Mwaka 1994, baada ya uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote, nchi ilibaki Afrika Kusini, na jina likarudi kwa wachache. Ila mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliodai sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, iondolewe waliliteka jengo la utawala na kuliita Nyumba ya Azania. Wengi wao walizaliwa baada ya uchaguzi ule.

Miaka minne kabla yao, Aprili 2011, kundi la wanasiasa wa kusini mwa Somalia walitangaza, wakiwa Kenya, kuundwa kwa utawala wa Azania katika eneo la Jubaland, kwenye pwani ile ile ya Azania ya kale. Jina lilikuwa limefika nyumbani, kwenye pwani ambayo mfanyabiashara wa Misri aliiandika kwa jina hilo. Halikukaa. Utawala ulioundwa Kismayo mwaka 2013 ulijiita Jubaland, kwa jina la mto Juba, ambao wenyeji wanakunywa maji yake.