Unakimbia mtaani, mbwa akakuuma: maswali na majibu

Nimeishi Sinza miaka mingi, lakini njia ninayoijua ni ya kituo cha daladala tu. Nimeanza kutembea na kukimbia asubuhi niujue mtaa. Kiasi gani kinatosha?

Hongera. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa haraka, ule wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Zigawe utakavyo. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, pita kulia uyaone magari yanayokuja. Na ukiwa huko vichochoroni, angalia zahanati iko wapi. Wengi gereji na baa wanazijua, zahanati hadi waulize.

Alfajiri mbwa wanazurura. Wakinifuata nikimbie?

Usikimbie. Mbwa humshindi kwa mbio, na mbio ndizo zinazomchochea. Simama, mikono ishushe, usimkazie macho, kisha rudi nyuma taratibu. Ukianguka, jikunje na ufunike uso na shingo.

Ameniparura kidogo tu kwenye kigimbi. Nisubiri nione?

Hapana. Usisubiri. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi vinavyokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Vinaingia kwenye jeraha, hata dogo, na kufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, na muda wote huo wewe ni mzima, unakula, unakwenda kazini. Siku mgonjwa anapoanza kuogopa maji na kuweweseka, sisi wa hospitali hatuna tena cha kumpa. Karibu wote hufa.

Kwa hiyo fungua bomba sasa hivi. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, za saa, si za kukisia. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo.

Jirani anasema tupake mafuta ya taa, au manyoya ya mbwa yaliyochomwa.

Jirani mshukuru, halafu rudi bombani. Mafuta ya taa, pilipili, majivu, manyoya: tunavikuta kwenye majeraha kila mara na hakuna hata kimoja kinachozuia kichaa. Vinachofanya ni kukupotezea muda.

Nimechomwa sindano ya pepopunda kwenye duka la dawa. Si imetosha?

Haijatosha. Pepopunda ni ugonjwa mwingine. Unahitaji chanjo ya kichaa cha mbwa, na jeraha likiwa limetoboa ngozi, pia sindano ya kingamwili, yaani kinga iliyo tayari, kwenye jeraha lenyewe. Na kama ulikuwa unaogopa zile sindano za tumboni za zamani, siku hizi chanjo inachomwa begani.

Mbwa ni wa jirani, anaonekana mzima. Si tungoje siku 10 tuone kama atakufa?

Nasema tena: usingoje. Siku 10 ni za kumchunguza mbwa, wewe unaanza chanjo leo. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Akifa siku ya nne na hujachoma kitu, umejipunja siku nne bure. Mwenye mbwa akisema amechanjwa, mwombe kadi. Hata ukiiona, kuja unakuja.

Niliumwa wiki tatu zilizopita. Nimeshachelewa?

Umechelewa, lakini njoo leo. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo bado ina kazi. Aibu ya kugombezwa na muuguzi isikuweke nyumbani.

Jeraha limekauka baada ya sindano ya kwanza. Naweza kuacha?

Kukauka kwa jeraha hakusemi lolote kuhusu virusi. Maliza ratiba uliyoandikiwa. Chanjo ikiwa imeisha kwenye kituo chako, ulizia hospitali ya wilaya, usirudi nyumbani kungoja ije.

Nianzie ofisi ya serikali ya mtaa kumshtaki mwenye mbwa?

Wapo wanaotufikia jioni, wameumwa alfajiri, kutwa nzima wamekaa kwa mwenyekiti wakidai fidia, jeraha halijaguswa maji. Anza na bomba, halafu hospitali. Ukishachomwa, nenda kadai. Mwambie mwenye mbwa amfungie, asimuue wala kumtorosha, na mbwa akiugua au kufa ndani ya siku 10, afisa mifugo wa kata aambiwe siku hiyo, nawe urudi kutuambia.