Mbona bembea ya Malindi huliwa na kutu kabla ya ile ya Nakuru?

Chukua bembea mbili za karakana moja, bomba lilelile, rangi ileile. Moja ipeleke Nakuru, nyingine isimamishe kwenye uwanja wa mkahawa ulio karibu na ufuo wa Malindi. Ya Malindi ndiyo itakayoanza kutoa vipele chini ya rangi, tena mapema.

Watu husingizia upepo wa bahari. Upepo peke yake hauli chuma. Mawimbi yakipasuka hurusha matone madogo mno, maji yanakauka hewani, chumvi inabaki na kutua juu ya kila kitu. Chumvi hunyonya unyevu: ule wa hewani ukifika kama asilimia 75, huyeyuka ikawa utando wa maji ya chumvi, na usiku wa pwani hufika hapo mara nyingi. Kwa hiyo chuma hulala kimelowa hata siku isiyo na mvua. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, ndiyo maana rangi hufura na kubanduka.

Ukikagua, anza upande usionyeshewa na mvua. Chini ya paa la makuti, au ndani ya kona, ndiko kutu hutangulia, kwa sababu mvua huosha chumvi penye uwazi. Ndoo ya maji yasiyo na chumvi na kitambaa kila wiki si kazi bure.

Dawa ya kawaida ni zinki, ambayo huliwa yenyewe kwanza ili chuma kipone, hata rangi ikikwaruzwa. Ujanja uko hapa: mafundi wengi hununua bomba lililokwisha kupakwa zinki, wakalikata na kulichomelea. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma hakiyeyuki mpaka 1,538. Basi kila kiungo kinachochomelewa hupoteza zinki yake, kisha hufunikwa kwa rangi ya fedha ili kipendeze. Swali moja litakuokolea pesa nyingi kuliko mjadala wa rangi: imechovywa kwenye zinki kabla ya kuchomelewa au baada? Jibu unalolitaka ni baada, bomba likiwa na matundu ili zinki ifike hadi ndani.

Bajeti ikibana, mimi ningeweka chuma kisichoshika kutu kwenye minyororo na bolti tu. Pete za mnyororo husuguana mpaka zinki iishe. Lakini si kila chuma cha aina hiyo ni sawa: daraja la 304 hupata madoa ya kahawia ufuoni, ilhali 316, lenye molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, huvumilia zaidi. (Wazee wa visiwa vya Lamu waliikwepa shida hii kabisa: mtepe, chombo chao cha baharini, ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja.)

Kama uwanja una pa kuteleza watoto, pawe pa plastiki iliyotiwa kinga ya jua, na pawe chini ya mwarobaini. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Bati lililoanikwa juani saa saba mchana huunguza mapaja ya mtoto.

Chini, mchanga ni mzuri kuliko saruji au udongo ulioshindiliwa. Kanuni za Ulaya hutaka kina cha sentimita 20 kwa anguko la hadi mita 2, na 10 za ziada kwa kuwa watoto huusukuma kando. Mchanga wa ufuoni ni wa bure, nao ndio mtego. Chumvi yake hukaa shingoni mwa nguzo, pale inapoingia kwenye zege. Tafuta wa mtoni, uliooshwa udongo. Na kama bembea yako ishasimama kwenye mchanga wa bahari, chimba kidogo kando ya nguzo na uigonge kwa nyundo. Ikiacha kulia kama kengele, usimpandishe mtoto.