Wimbo mbele ya kamera: mwigizaji wa jukwaani anakosea wapi

Mwigizaji wa tamthilia za muziki akiitwa kwenye filamu ndogo hapa Lubumbashi, neno la kwanza analoambiwa ni "punguza". Apunguze mikono, apunguze macho, apunguze sauti. Kwa maneno ya kusema, sawa. Kwa wimbo, ushauri huo unaharibu kazi. Akinong'ona juu ya sauti yake iliyorekodiwa studio, inayopigwa kwa spika wakati wa kupiga picha, kamera inamchongea: anasikika akipanda juu kabisa, huku shingo imelala, mbavu zimetulia na taya limefungwa nusu. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, ila ataacha kuamini. Imba kweli, hata kama sauti hiyo haitatumika. Punguza nyusi na mikono, basi.

Kosa kubwa zaidi hutokea kabla ya siku ya kamera. Watu hukimbilia studio kwanza, mwigizaji akiwa amesimama mbele ya mikro, kisha wanagundua kwamba katika filamu anaimba akipanda ngazi na ndoo ya maji. Pumzi za studio ni za mtu aliyepumzika. Mwili unaoonekana unahema. Kwa hiyo fanyeni mazoezi ya mwendo kwanza, weka alama ya mkato kwenye karatasi ya maneno kila mahali unapovuta pumzi, ndipo mrekodi. Kama ni tukio la kukimbia, ruka papo hapo mara 15 kabla ya mstari huo. Na ukishatoka studio, alama zile hazibadiliki tena. Jukwaani unaweza kuvuta pumzi mahali pengine kila usiku, hapa huwezi.

Hapo ndipo urithi wetu unapotubana. Kundi la Mufwankolo, waigizaji wa michezo wa hapa Lubumbashi, lilizoesha mji huu michezo isiyoandikwa: mnakubaliana mpango wa matukio, maneno yanazaliwa kwenye mazoezi. Ni shule nzuri mno kwa mazungumzo, na wakurugenzi wa filamu huru wanaipenda. Lakini ukiongeza "eeh, ndugu yangu" katikati ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, midomo yako inasema kitu ambacho masikio hayasikii.

Pleibeki yenyewe, yaani rekodi ya wimbo inayopigwa mbele ya kamera, isiwe faili moja ya dakika nne. Ikateni vipande vya sekunde 20 hadi 40, kila kimoja kianze mstari mmoja kabla ya ule mnaoutaka, kitanguliwe na milio minne ya kuhesabu kwa mwendo wa wimbo. Bila milio hiyo neno la kwanza linachelewa kila mara. Simu inayopiga muziki iwekwe kwenye hali ya ndegeni na iunganishwe kwa waya. Spika ikae ndani ya mita tatu. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo anayeimba mita 28 kutoka kwenye spika anachelewa takriban fremu mbili, yaani picha mbili, kwa filamu ya fremu 25 kwa sekunde. Kwaya iliyotawanyika uwanjani inahitaji spika mbili au tatu, la sivyo walio nyuma wanafunga midomo baada ya walio mbele.

Kuna wanaotaka kuimba moja kwa moja, kama ilivyofanyika kwenye filamu ya Les Misérables ya 2012. Kule mwigizaji alisikia piano sikioni, okestra ikaongezwa baadaye. Inawezekana, lakini jenereta ikinguruma nyuma ya ukuta, hakuna mhariri atakayeitoa bila kuikwangua sauti yako pia.

Koo nalo. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa yetu ni kavu, vumbi jekundu liko kila mahali. Kunywa maji mapema, saa mbili hivi kabla ya kuimba, maana maji hayapiti juu ya nyuzi za sauti. Vuta mvuke wa maji matupu dakika 10, bila mentoli. Picha ya karibu iombwe asubuhi. Ukishaimba mara ya kumi na tano, mishipa ya shingo inaonyesha uchovu.

Malipo: siku ya studio, siku za kamera na siku ya kurudia sauti ziandikwe mbalimbali. Zikiandikwa "filamu" tu, ya tatu hulipwi.

Kabla ya kufungasha vyombo, zimeni jenereta, mwacheni mwigizaji karibu na mikro, mrekodi hatua zake, mahemo yake na sekunde 30 za kimya cha mahali pale. Mhariri atavilaza chini ya wimbo wa studio ili usisikike kama unatoka redioni.