Je, Wajua kwa Nini Afisa Ununuzi Aliyehudhuria Semina Bado Hukosea Zabuni?

Mwezi Julai 2023 Tanzania ilianza kutumia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma uliojengwa na wataalamu wa ndani ili uchukue nafasi ya TANePS, mfumo uliotumika kabla yake. Mwezi Juni 2024 ikaanza kutumika Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma iliyotungwa mwaka uliotangulia, na kanuni zake zikatoka mwaka huohuo. Kwa hiyo katika muda wa mwaka mmoja hivi, afisa ununuzi wa halmashauri alibadilishiwa sheria, kanuni na chombo cha kazi. Mabadiliko ya namna hii hujibiwa kwa semina: siku tatu au tano ukumbini, mwezeshaji akipitia vifungu kwenye slaidi, na cheti mwishoni. Kwa nini basi makosa yaleyale huweza kurudi kwenye hoja za ukaguzi mwaka unaofuata?

Sababu kubwa ni kwamba semina ya aina hiyo hufuata mpangilio wa sheria, ilhali afisa akiwa mezani hakutani na kifungu cha sheria. Hukutana na dokezo la idara linaloomba "kompyuta nzuri kumi", bila vipimo, na linalotakiwa kushughulikiwa kabla ya Ijumaa. Hapo ndipo taaluma ya usanifu wa mafunzo inapoanzia. Mizizi yake imo katika mafunzo ya askari wakati wa Vita Kuu ya Pili, na utaratibu wake unaojulikana zaidi uliandaliwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Florida State kwa ajili ya Jeshi la Marekani. Hatua zake ni tano: uchambuzi, usanifu, uandaaji, utekelezaji na tathmini. (Tathmini hii isichanganywe na ile ya zabuni, ingawa zote mbili huharibika pale vigezo vinapotungwa baada ya kazi kwisha.)

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule inahitaji madawati 200. Mzabuni wa kwanza ameandika bei ya shilingi 85,000 kwa dawati, na jumla ya shilingi 16,500,000. Wa pili ameandika 84,000, na jumla ya 16,800,000. Anayetazama jumla pekee atampa kazi wa kwanza. Lakini kanuni iliyozoeleka katika nyaraka za zabuni ni kwamba bei ya kipimo kimoja ikipingana na jumla, bei ya kipimo ndiyo inayoshika, isipokuwa pale inapoonekana wazi kwamba nukta ya desimali imekosewa. Ukizidisha, jumla ya wa kwanza inakuwa 17,000,000, na mshindi wa bei anabadilika. Mshiriki aliyekwishakosea zoezi hili mwenyewe, akasahihishwa papo hapo, ana nafasi kubwa ya kulikumbuka kuliko aliyesomewa kanuni hiyo baada ya chakula cha mchana.

Hata hivyo, msanifu makini huuliza swali la pili: mfumo wa kompyuta ukiweza kupiga hesabu hiyo, saa za darasa ziende wapi? Kwa maoni yangu ziende kwenye yale yasiyopigiwa hesabu: kuandika vipimo visivyompendelea mzabuni mmoja, kutofautisha kasoro kubwa na ndogo, na kusimamia mkataba baada ya saini, eneo ambalo mafunzo mengi hulifikia yakiwa yameishiwa muda.

Muda wenyewe pia hupangwa upya. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kwamba tunasahau kwa kasi mara tu baada ya kujifunza, kisha kasi hiyo hupungua. Ndiyo maana masomo mafupi yanayorudiwa kwa vipindi hufaa kuliko wiki moja ya mfululizo. Orodha ya ukaguzi ya ukurasa mmoja, inayobaki mezani, nayo huweza kufanya kazi ambayo kabrasha nene haliifanyi. Marekani, Wizara ya Ulinzi ilifika mbali zaidi: mwezi Februari 2022 iliacha ngazi tatu za vyeti kwa maafisa wake wa mikataba na kubaki na cheti kimoja cha msingi chenye mtihani, huku mafunzo ya kibingwa yakichukuliwa kulingana na kazi ya mhusika.

Mafanikio ya haya yote hayapimwi kwa fomu ya kuuliza kama ukumbi ulikuwa mzuri. Yapimwe kwenye majalada ya zabuni miezi sita baadaye, kosa lilelile likitafutwa tena. Likionekana bado, uchambuzi hurudi mwanzo, na wakati mwingine hugundua kwamba afisa anaijua kanuni vizuri kabisa. Fedha zimefika Mei, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na mkubwa wake amekwisha kuahidi kwamba madawati yatakuwapo. Mtu huyo akipelekwa semina nyingine atarudi na cheti cha pili, na Mei ijayo atafanya vilevile.