Kabla ya kushika usukani Dubai

Wanaokuja darasani kwetu kabla ya safari ya Dubai huuliza kwanza kuhusu faini. Mimi huanza na waipa. Magari mengi ya Tanzania na Kenya yametoka Japani: usukani uko kulia, indiketa mkono wa kulia, waipa kushoto. Dubai mambo yamegeuzwa. Unatoka yadi ya gari la kukodi, unataka kukata kona, na badala ya indiketa waipa zinaanza kusugua kioo kikavu. Mimi yalinikuta mara tatu kabla sijafika taa za kwanza. Waipa hazimuui mtu, ila zinakuonyesha kwamba mikono bado iko nyumbani, na macho vilevile.

Macho ndiyo ya kuogopa. Kule magari hupita kulia. Ukiwa na gari mbele yako ni rahisi, unafuata. Kosa huja barabara ikiwa tupu: unatoka maegesho ya hoteli alfajiri, unakata kushoto, na mwili unakupeleka moja kwa moja upande wa kushoto, mbele ya wanaokuja. Mzunguko nao sisi tunauita kipilefti, yaani "keep left", shika kushoto, na jina lenyewe litakudanganya. Huko unauzunguka kwa kulia, kinyume cha mshale wa saa, na unayempisha ni anayetoka kushoto kwako. Hata ukitembea kwa miguu, anza kutazama kushoto, tena vuka penye kivuko. Kukatiza barabara ovyo ni faini ya dirhamu 400.

Kwa mtalii, leseni zetu peke yake hazitoshi. Chukua leseni ya kimataifa kabla hujapanda ndege, na ubebe ile ya nyumbani pamoja nayo. Kampuni nyingi hazimkodishi mtu aliye chini ya miaka 21. Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka minne, omba kiti chake mapema.

Sasa barabara yenyewe. Sheikh Zayed ina njia sita au zaidi kila upande katika sehemu nyingi, na njia ya kushoto kabisa ni ya kupita, si ya kutulia. Kwetu dereva anayekuja mbele akikupigia taa, mara nyingi anakuonya kwamba trafiki wako mbele na tochi, kile kifaa cha kupima mwendo. Dubai taa zinatoka nyuma, na maana yake ni moja: nipishe. Washa indiketa, ingia kulia, yaishe. Usimjibu kwa kidole wala tusi, maana ishara ya matusi huko ni kesi ya jinai na mgeni anaweza kufukuzwa nchini. Na ule ustadi wetu wa kutanua foleni ikikaza uache uwanja wa ndege. Kupita pembeni mwa barabara ni dirhamu 1,000 na pointi sita za adhabu kwenye leseni. Ukipitwa na njia ya kutokea, endelea hadi inayofuata. Dakika kumi za kuzunguka ni nafuu kuliko kukata njia nne kwa mkupuo.

Tochi za huko zimesimikwa na hazibembelezeki. Dubai kamera huvumilia kilomita 20 juu ya kiwango kilichoandikwa, lakini ukivuka kwenda Abu Dhabi nafasi hiyo ilifutwa tangu 2018, na ndipo wengi wanaponaswa. Kupita taa nyekundu ni dirhamu 1,000 na gari kuzuiliwa siku 30. Kushika simu ni 800. Basi la shule likisimama na kibao chake cha kusimama kikifunguka, simama umbali wa mita tano au zaidi. Pombe, hata tone, hapana. Faini huenda kwa kampuni ya gari, kisha inakatwa kwenye kadi yako, pengine ukiwa umesharudi nyumbani.

Hivyo hivyo kwa Salik, malango ya tozo yasiyo na kizuizi wala mtu wa kupokea pesa. Ukipita unahesabiwa: Jumatatu hadi Jumamosi ni dirhamu 6 kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, na 4 nyakati nyingine, isipokuwa saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi, ambapo ni bure.

Ukigongana na gari jingine, hata mkwaruzo tu, taarifu polisi. Msielewane pembeni kwa fedha taslimu. Bila karatasi ya polisi gereji haligusi gari, na bima haikujui.

Lakini kama unaenda Deira kununua mzigo na kurudi hotelini, kwa nini ukodi gari? Panda treni ya Metro ushuke Baniyas Square. Ila wanaume, angalieni msiingie behewa la wanawake na watoto. Huko nako kuna faini.