Je, ni kweli Japani ilishindwa Midway kwa kuchelewa dakika tano tu?

Asubuhi ya Juni 4, 1942, karibu na visiwa vidogo vya Midway katikati ya Pasifiki, manowari tatu za Japani za kubeba ndege zilishika moto ndani ya dakika chache: Kaga, Akagi na Soryu. Ya nne, Hiryu, ilifaulu kuijeruhi Yorktown ya Marekani mchana ule, kisha nayo ikapigwa kabla ya jua kuzama. Zote nne ziliangamia. Wakazi wa pwani ya Bahari ya Hindi wana sababu ya kuzikumbuka: Aprili mwaka huohuo Akagi, Soryu na Hiryu zilishambulia Colombo na Trincomalee, na Waingereza wakahamishia manowari zao Kilindini, Mombasa.

Masimulizi ya Midway yaliyoenea zaidi ni haya: sitaha za Wajapani zilijaa ndege zenye mafuta na mabomu, injini zinanguruma, na lau Wamarekani wangechelewa dakika tano, ndege zote zingekuwa angani na vita vingegeuka. Aliyeyaeneza ni Mitsuo Fuchida, kiongozi wa ndege zilizoshambulia Pearl Harbor, ambaye siku ile alikuwa ndani ya Akagi akiuguza kidonda cha upasuaji. Aliandika hivyo katika kitabu cha 1951, na kwa kuwa alikuwepo, watu wakamwamini kwa miongo mingi.

Ushahidi unamkatalia. Kumbukumbu za vikosi vya ndege za Japani, zilizoandika saa za kuruka na kutua, zinaonyesha ndege za ulinzi zikitua na kuruka hadi muda mfupi kabla ya mabomu kuanguka. Sitaha inayopokea ndege haiwezi wakati huohuo kuwa imepangwa ndege za kwenda kushambulia. Historia rasmi ya vita ya Japani ilishakubali mwaka 1971 kwamba ndege za mashambulizi zilikuwa bado chini, bandani.

Aliyewahi kuvuka Likoni ataelewa kwa nini. Feri ikifika, magari yanayosubiri hayapandi mpaka yaliyomo yateremke, hata foleni iwe ndefu namna gani. Kwenye manowari hizi, ndege za kuruka zilipangwa upande wa tezi, yaani nyuma ya manowari, na ndege za kutua ziliingilia tezini humohumo. Kuzipandisha kwa lifti kutoka bandani, kuzipanga na kupasha injini moto kulichukua kama dakika 45. Muda wote huo hakuna ndege iliyoweza kutua.

Admirali Nagumo, kamanda wa manowari hizo za Japani, hakuzipata dakika hizo. Ndege zake zilizokwenda kupiga Midway zilirudi na kumaliza kutua baada ya saa tatu asubuhi. Papo hapo zikaingia ndege za Marekani zilizobeba torpido, yaani makombora yanayopita majini, kikosi baada ya kikosi, kwa karibu saa nzima. Hakuna torpido hata moja iliyolenga. Kikosi cha Hornet, manowari nyingine ya Marekani ya kubeba ndege, kilipoteza ndege zake zote 15, na kati ya watu 30 akapona mmoja, George Gay. Lakini kila shambulizi lilizilazimisha manowari kukatakata maji kukwepa, na ndege za ulinzi za Japani, zilizoitwa Zero, kushuka kuchukua risasi. Kila mzinga wa Zero wa milimita 20 ulikuwa na risasi 60 tu. Ukifyatua mfululizo, zimekwisha kwa sekunde saba hivi. Kwa hiyo sitaha zilishughulika na walinzi tu, na washambulizi wakabaki chini.

Mara nyingi husemwa kwamba vijana wale wa torpido walizivuta Zero zikashuka karibu na maji, juu kukabaki wazi. Hilo lina ukweli kwa kikosi cha mwisho, cha Yorktown. Vile vya mwanzo vilifanya kazi kubwa zaidi: viliiba muda.

Basi saa nne na dakika ishirini na kitu, ndege za mabomu za Marekani zilipochupa kutoka mawinguni, mzigo wa hatari ulikuwa ndani ya tumbo la manowari. Nagumo alikuwa ameamuru ndege zibadilishiwe torpido kwa mabomu ya nchi kavu, kisha akatengua amri. Kwa haraka ile, mabomu yaliyofunguliwa yaliachwa bandani badala ya kurudishwa ghalani. Mabanda yenyewe yalizingirwa kwa kuta, hivyo moto na mlipuko havikuwa na pa kutokea. Akagi ilipigwa na bomu moja tu lililopenya barabara, likatosha.

Kuna dhana nyingine iliyozaliwa na hii: kwamba marubani bora wa Japani waliteketea Midway. Waliokufa miongoni mwa warukaji ni kama 110, wengi wao wa Hiryu. Mapigano ya visiwa vya Solomon yaliyoanza Agosti ndiyo yaliyowamaliza wenzao. Bandani ndiko walikokufa mamia ya mafundi waliojua kuzitengeneza na kuzipakia ndege zile, na kuwafunza wengine wa kiwango chao kulihitaji miaka ambayo Japani haikuwa nayo.