Vipengele vya majaribio vilivyofichwa ndani ya Windows: ni nini, na hufunguliwaje

Weka laptopu mbili kwenye meza moja ya saiba pale Luthuli Avenue, Nairobi. Zote zina Windows 11, zote zimepokea sasisho la karibuni, na ukiangalia namba ya toleo ni ile ile. Hata hivyo moja ina kitufe kwenye menyu ambacho mwenzake hana. Mwenye laptopu ataanza kushuku virusi, au atamlaumu fundi kwamba amemwekea Windows bandia. Mara nyingi fundi hana kosa. Kitufe kimo ndani ya laptopu zote mbili, ila kwenye moja kimewashwa na kwenye nyingine bado kimezimwa.

Hicho ndicho kipengele kilichofichwa: sehemu ya programu iliyokwisha kuandikwa na kuletwa kwenye diski yako kupitia sasisho la kawaida, lakini mfumo umeagizwa usiionyeshe. Ndani ya Windows kila kipengele cha aina hii kina namba yake, kwa kawaida ya tarakimu nane, na kila namba huwa katika mojawapo ya hali tatu: vile kampuni ilivyopanga, kuzimwa, au kuwashwa. Windows husoma hali hizo na kuamua ikuonyeshe nini. Kwa hiyo kufungua kipengele ni kubadilisha hali ya namba moja tu. Hakuna kipengele kipya kinachopakuliwa, na bando lako linabaki lilivyokuwa.

Kwa nini Microsoft ilete kitu hadi kwako kisha ikifiche? Kwa sababu Windows iko kwenye kompyuta zaidi ya bilioni moja, na hitilafu ndogo ikizifikia zote kwa siku moja ni balaa. Kwa hiyo huwashia kundi dogo kwanza, huchunguza ripoti za programu kukwama, kisha huongeza watu kidogo kidogo. Kukitokea tatizo, huzima swichi kutoka kwao bila kungoja sasisho jingine. Fikiria ghorofa mpya kule mtaa wa Pipeline: lifti imewekwa, nyaya zimevutwa, milango inaonekana kila sakafu, lakini mwenye nyumba hajaiwasha kwa kuwa haijakaguliwa. Anayeingia kwenye kisanduku cha umeme na kuiwasha mwenyewe huenda akapanda salama hadi juu. Huenda pia akakwama katikati.

Tangu 2014 kuna mpango rasmi wa Windows Insider, ambao mtu yeyote hujiunga bure na kupokea matoleo ya majaribio mapema. Hata humo, si kila mwanachama anayewashiwa kila kitu. Ndiyo maana wadadisi walitengeneza zana zao. Ya kwanza kuvuma ilikuwa Mach2 ya Rafael Rivera. Inayotumika sana leo ni ViVeTool, kazi ya mtaalamu anayejulikana kwa jina la Albacore, na inapatikana bure kwenye GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao, pamoja na msimbo wake wote. Namba zenyewe hupatikana kwa kupekua mafaili ya kila toleo jipya na kuona kilichoongezwa. Mwezi Agosti 2023 hata zana ya ndani ya Microsoft kwa kazi hii hii, StagingTool, ilivuja kwa watu wa nje.

ViVeTool haina madirisha wala vitufe. Unaifungua kutoka kwenye zipu na kuiweka kwenye folda, unafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi (Run as administrator), unaingia kwenye folda hiyo, kisha unaandika:

vivetool /enable /id:12345678

Mahali pa 12345678 unaweka namba halisi ya kipengele unachokitaka. Ukibonyeza Enter utaambiwa kama hali imebadilika. Zima kompyuta na uiwashe upya.

Kinachofuata hutegemea kipengele chenyewe. Tabo za dirisha la mafaili, ambazo wengi wetu sasa tunazichukulia kuwa jambo la kawaida, zilifunguliwa na wadadisi kwa njia hii miezi kadhaa kabla ya kuwafikia watu wote kuanzia Oktoba 2022. Huo ni upande mzuri. Upande wa pili ni Sets, mpango wa kuweka tabo kwenye karibu kila programu ya Windows 10: ulijaribiwa 2018, ukapendwa na baadhi ya watu, kisha ukaachwa bila kutolewa rasmi. Kipengele kuwemo ndani si ahadi kwamba utakipata. Na kuna wakati utawasha namba usione chochote, kwa sababu nusu ya kazi inategemea namba nyingine, au msimbo wenyewe haujakamilika.

Mimi naipenda njia hii, kwa kuwa inampa mtu nafasi ya kuona mashine yake inavyofikiri. Lakini naomba sana isifanywe kwenye mashine inayolisha familia. Ukiwa na saiba inayowajazia watu ritani za kodi za KRA, wiki ya mwisho ya Juni si wakati wa kujaribu menyu mpya. Laptopu ya ofisi nayo ina wenyewe, waulize kwanza. Chukua ViVeTool kwenye ukurasa wake wa GitHub tu, maana programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi inaweza kufanya lolote, na ile uliyotumiwa na mtu WhatsApp huna njia ya kujua imechanganywa na nini.

Wazo hili halipo Windows pekee. Kwenye Chrome andika chrome://flags utaona orodha ndefu ya majaribio, na onyo juu yake. Kwenye simu nyingi za Android, kugonga namba ya muundo (Build number) mara saba hufungua menyu ya wasanidi.

Kuna jambo moja ambalo swichi haiwezi, na wateja wengi huliuliza tangu Windows 10 ilipoachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza kabla ya kuletwa huku, isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0, au yenye prosesa ya zamani kuliko zile zinazokubaliwa, haigeuki kuwa mashine ya Windows 11 kwa kuwasha namba fulani. Hayo ni masharti ya vifaa.

Kabla ya kuanza, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje na uandike kila namba unayoigusa. Ukitaka kurudi nyuma, vivetool /reset /id: ikifuatwa na namba hukirudisha kipengele kwenye hali ya awali. Ukiwa umesahau ulichowasha, vivetool /fullreset hufuta mabadiliko yote kwa pamoja, kisha unawasha kompyuta upya.